Kifafa cha Mimba Huanza Kimya

Wiki hii twazungumzia ugonjwa unaowaua akina mama wakati nyumba inangoja furaha.

Tuchukue mfano wa Mantapala, wilayani Nchelenge, Zambia, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Hospitali kubwa ya St Paul's iko Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Kwa mama aliyekwisha kuanguka kifafa, njia hiyo ni ndefu mno. Na ndivyo ilivyo katika vijiji vyetu vingi.

Wengine husema ni mapepo. La hasha! Chanzo kimo katika kondo la nyuma. Kondo hutia katika damu ya mama kichocheo cha kukuza na kutunza mishipa ya damu. Mimba ikiwa na afya, kichocheo hicho huongezeka tangu miezi ya mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya 30, kisha hupungua. Lakini kondo lisipojishika vema, huwa kidogo. Mwaka 2003 wataalamu wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba kondo la namna hiyo hutoa kwa wingi protini nyingine inayokinasa kichocheo hicho. Hapo mishipa hubana, shinikizo la damu hupanda, na figo huvujisha protini katika mkojo.

Upungufu huo waweza kuanza wiki kadhaa kabla mama hajahisi lolote. Ndiyo maana asiseme, "Mimi mzima, kliniki ya nini?" Hospitali za Uingereza hukipima kichocheo hicho katika damu, lakini hata zahanati ndogo, kwa kupima shinikizo la damu na mkojo, yaweza kuugundua ugonjwa mapema.

Mama aliyepita wiki 20 apelekwe hospitali mara moja akiwa na mojawapo ya haya:

1. Shinikizo la damu la 140/90 au zaidi.
2. Kichwa kuuma sana, au macho kuona ukungu.
3. Maumivu chini ya mbavu za kulia.
4. Uso na mikono kuvimba ghafula.

Huko, mwenye hali kali hupewa magnesi salfeti. Utafiti wa nchi 33, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ugonjwa wenyewe huanza kuondoka baada ya kujifungua, lakini mama aendelee kuangaliwa, maana kifafa chaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Nawe ndugu askari uliye lindoni, mkeo asingoje barua wala ruhusa yako. Kabla hujaondoka, acha nauli mkononi mwake, na mkubaliane na jirani atakayemsindikiza, hata usiku wa manane.