Nchi ambayo bado iko jikoni

Ndugu msomaji, Jumapili hii tufunge safari ndefu isiyodai nauli. Tunaelekea kaskazini, tuipite Ulaya bara, hadi kisiwa kilicho karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini kuliko makao mengi ya binadamu. Wenyewe hukiita Ísland, nasi kwa Kiswahili twakiita Aislandi. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 103,000, kwa hiyo Tanzania ingeweza kukimeza mara tisa. Wakazi wake wote hawafiki laki nne. Mji mkuu ni Reykjavík, maana yake Ghuba ya Moshi, kwa sababu wahamiaji wa kwanza waliona mvuke wa majimoto ukipanda wakadhani ni moshi.

Wengi wetu tukisikia habari za nchi hiyo hufikiri kuwa ni barafu tupu. Barafu ipo, tena nyingi, lakini chini yake mna moto. Aislandi imekaa juu ya ufa mkuu wa Bahari ya Atlantiki, mahali ambapo bamba la ardhi la Amerika ya Kaskazini na lile la Ulaya na Asia hutengana kwa kadiri ya sentimeta mbili kila mwaka. Sisi wa Bonde la Ufa, tunaoufahamu Ol Doinyo Lengai ulioripuka mwaka 2007, hatuna haja ya kuelezwa sana. Ardhi ya huko bado iko jikoni.

Mgeni aanzie Þingvellir. Herufi ya kwanza isimtishe. Husomwa kama "th" ya thelathini. Hapo ufa huonekana kwa macho: kuta za mawe meusi zimesimama, na njia ya miguu inapita katikati yake. Katika bonde hilo wananchi walianzisha bunge lao, Althing, mwaka 930. Wakati huo sheria zilikuwa hazijaandikwa. Alichaguliwa mtu wa kuzihifadhi kichwani, naye alizisema mbele ya watu theluthi moja kila mwaka, hata kwa miaka mitatu zote zikawa zimesikika. Mahali hapo hapo ndipo jamhuri ilipotangazwa, tarehe 17 Juni, 1944.

Kutoka hapo twende bonde la Haukadalur. Liko chemchemi liitwalo Geysir, na jina lake ndilo lililochukuliwa na lugha nyingi za dunia kuziita chemchemi zote zirushazo maji ya moto. Mzee huyo siku hizi amelala, haruki ila kwa nadra. Jirani yake, Strokkur, hachoki: kila baada ya dakika chache maji huvimba kama chungu kinachotaka kufurika, kisha huruka juu meta 15 au 20, na mara nyingine zaidi. Watoto hupiga makelele, na watu wazima pia.

Mwendo mfupi kutoka hapo yapo Gullfoss, yaani Maporomoko ya Dhahabu. Maji ya mto Hvítá huanguka kwa ngazi mbili, jumla meta 32, yakatumbukia katika korongo jembamba. Hapa, ndugu msomaji, naomba tupumzike kidogo, kwa kuwa habari ya mahali hapa inatuhusu hata sisi tusiopata kufika.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walitokea matajiri wa kigeni waliotaka kuyafunga maporomoko hayo ili wajipatie umeme. Mkataba wa kukodisha ukatiwa sahihi. Katika shamba la Brattholt, lililo karibu, aliishi binti wa mkulima aitwaye Sigríður Tómasdóttir. Yeye na ndugu zake walikuwa wakiwaongoza wageni kwenda kuyatazama maji hayo. Hakuwa na cheo wala mali, lakini alikataa. Alikwenda Reykjavík kushitaki, safari ya zaidi ya kilometa 100 ambayo yasemekana aliifanya kwa miguu mara kadhaa, na husimuliwa pia kwamba aliapa kujitosa katika maji hayo siku ujenzi utakapoanza. Wakili aliyemtetea, Sveinn Björnsson, baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi.

Mahakamani hawakushinda. Hata hivyo muda ulipita, pango halikulipwa, na mkataba ukavunjika. Sigríður alifariki mwaka 1957. Mwaka 1979 Gullfoss yaliwekwa rasmi chini ya hifadhi, na leo mgeni hulikuta jiwe lenye sura yake kando ya njia. Umeme ni kitu chema, na Waaislandi wenyewe wameujenga kwingi kwa mito yao. Alilouliza mama huyo ni hili: ni nani mwenye haki ya kuuza kitu ambacho hakuna awezaye kukitengeneza tena?

Twende sasa kusini-mashariki. Huko imetanda Vatnajökull, barafu inayofunika karibu asilimia 8 ya nchi nzima. Miguuni pake liko ziwa Jökulsárlón, ambamo vipande vikubwa kama nyumba vya rangi ya buluu huelea polepole kuelekea baharini. Lakini barafu hizo zinapungua. Iliyoitwa Okjökull iliondolewa katika hesabu ya barafu hai mwaka 2014, na mwaka 2019 ikawekewa bamba la kumbukumbu kama kaburi. Kwetu sisi tunaoitazama theluji ya Kilimanjaro ikipungua, habari hiyo si ya mbali.

Moto nao hutoza kodi yake. Usiku wa tarehe 23 Januari, 1973, ardhi ilipasuka katika kisiwa cha Heimaey. Kwa bahati dhoruba ilikuwa imezuia mashua za wavuvi bandarini, hivyo watu wapatao 5,300 walivushwa usiku ule ule. Nyumba karibu 400 ziliteketea. Wananchi walipiga maji ya bahari juu ya lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, hata ikaganda na bandari ikapona. Mwaka 2010 majivu ya Eyjafjallajökull yalizuia ndege za Ulaya, na wakulima wa maua wa Kenya wakatupa mazao yao. Mnamo Novemba 2023 mji wa Grindavík ulihamishwa, na Januari iliyofuata lava ikaingia katika nyumba kadhaa.

Moto huo huo ndio unaopasha joto karibu nyumba tisa katika kila kumi. Tangu mwaka 1979 wataalamu wa nchi nyingi hufunzwa huko kazi ya mvuke wa ardhini, wakiwamo Wakenya wengi wenye mitambo yao Olkaria, karibu na Naivasha.

Kwa atakayejaliwa kufika, mawaidha ni matatu. Mwezi Juni usiku haujui giza. Atakaye kuona nuru za kaskazini zikicheza angani aende kati ya Septemba na Machi. Katika ufuko mweusi wa Reynisfjara asiyape mawimbi kisogo, kwani yamekwisha kuua wageni. Na kabla ya kuingia katika bwawa la majimoto ni lazima kuoga kwa sabuni bila nguo. Hiyo ni desturi, wala hakuna wa kumtazama.

Wengi wetu hatutakwenda, maana gharama za huko ni kubwa mno kwa mshahara wa mfanyakazi. Lakini Rukwa, mpakani na Zambia, Kalambo huporomoka zaidi ya meta 200, mara sita ya Gullfoss. Watoto wetu waliokwisha kuyaona ni wangapi? Likizo ijayo tuanzie huko, au kwenye mto ulio karibu na nyumbani. Sigríður aliweza kuyatetea maji yale kwa kuwa alikuwa akiyatembelea kila siku.