Kutu si leseni, mshikaji!

Mimi huku Terrat ni mzima, ila mwezi uliopita nusura nilale ndani. Tegeni sikio niwape mkasa.

Baada ya arobaini ya Babu, Baba Mdogo alifungua sanduku lake la bati. Marehemu alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la setla mmoja wa Kigiriki, akaondoka na vikorokoro kibao. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, tukakuta bastola ya silinda yenye kutu.

Mshikaji wangu aliyekuwepo macho yakamtoka. "Hii ni mapene! Wazungu wanakusanya hivi vitu!"

Kwa hilo hakukosea. Niliingia kwenye simu usiku kucha. Kumbe kuna watu Marekani wanatafuta bastola za zamani za kulengea shabaha kama sisi tunavyotafuta kazi. Smith & Wesson walitoa aina moja, New Model No. 3 Target, kuanzia 1887 hadi 1910, na zilitoka kama 4,300 tu. Unaikunja katikati, maganda yote yanaruka nje kwa mpigo. Sheria ya Marekani ya 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, ndiyo maana mwaka wa kutengenezwa ni kila kitu kwao.

Halafu kuna ndugu wawili, John na Sumner Paine wa Boston. Michezo ya Olimpiki ya 1896 kule Athens, John alishinda bastola ya kijeshi mita 25, kisha akampisha nduguye, naye akashinda ile ya mita 30. Raha tupu. Mwaka huohuo huku kwetu Meru, wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa pale Akeri, na bunduki za Wajerumani zikaja kulipiza kisasi. Wenzetu walikuwa wanalenga karatasi, sisi tulikuwa tunalengwa.

Haya, turudi kwenye sanduku. Bastola ya Babu ilikuwa na jina la Webley, Mark VI. Hiyo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia 1915, na zilitengenezwa kwa maelfu. Bastola ya shabaha huwa na kilengeo cha kurekebisha, hii chake kimeganda hapohapo. Utajiri ukayeyuka.

Mshikaji hakukata tamaa. "Mwanangu, nina mteja mjini, tupeleke kesho na daladala."

Baba Mdogo akatutazama wote wawili. "Nyie watoto, mnataka kupanda daladala na kifungo mfukoni?"

Nikambishia. "Lakini Baba Mdogo, imeshika kutu, haifanyi kazi."

"Kutu ndiyo leseni?"

Nikanywea. Kukaa na bastola bila leseni ni kosa, na sheria ya silaha na risasi ya 2015 haina mzaha. Baba Mdogo akamwita mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akapiga simu polisi. Wakaja wenyewe kuichukua, hatukuibeba hata hatua moja.

Askari mmoja akaifungua taratibu. Ndani ya silinda mlikuwa na risasi mbili.

Nilikaa chini. Jana yake mdogo wangu, yuko darasa la tano, alikuwa ameishika akinielekezea kifuani, anapiga "pa! pa!" kwa mdomo, nami nacheka. Kidole chake kilikuwa palepale penyewe.

Basi msomaji, ukikuta chuma cha babu yako kwenye sanduku, usikishike, usikipige picha ya kujidai, usimtafutie mteja. Mwite mjumbe au mwenyekiti, polisi waje. Ukitaka vitu vya kale, Boma la Mjerumani lipo mjini tangu 1900, sasa ni makumbusho. Kaangalie, urudi nyumbani mzima.

Mimi nimebaki na kile kitambaa. Bado kinanuka tumbaku ya Babu. Tukutane wiki ijayo!