Spika za kujipandisha sauti zenyewe: mafundi, acheni kutuuzia kelele

Leo sina somo la programu, nina hasira kidogo, kwa hivyo mtanivumilia.

Hapa Kabati (ya Kitui, si ile ya Murang'a) swali ninaloulizwa zaidi siku hizi halihusu simu wala kompyuta. Ni wenye maduka na watu wa kanisa: "Injinia, si uniwekee ile kitu inapandisha sauti yenyewe kelele ikizidi?" Wamesikia ipo, na ni kweli ipo. Bose wana AudioPilot yao ya magari, maiki inasikiliza kelele za barabara na muziki unarekebishwa bila dereva kugusa kitu. Viwanja vya ndege hutumia mitambo ya aina hiyo kwa matangazo. Kwetu sisi Raspberry Pi moja, maiki ya USB na programu ya mistari isiyofika mia inatosha. Kazi si ngumu, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu kila fundi anaweza kuiweka na karibu wote wanaiweka vibaya.

Msimamo wangu ni huu: mtambo usio na dari, na usiojua kushuka, usimfungie mtu. Hata akilipa.

Najua mtaniambia habari ya mvua. Sawa, mvua nakubali. Mvua ya Novemba ikipiga mabati ya kanisa hakuna anayesikia neno, na kijana wa mitambo anakimbilia miksa kama mtu aliyeunguza ugali. Lakini hata hapo kuna mtego. Mhubiri ameshika maiki iliyo wazi. Ukipandisha desibeli 6 hivi, maiki inaanza kusikia spika, spika inarudisha kwa maiki, na ule mluzi unatoboa masikio ya watoto walioketi mbele. Kwa muziki uliorekodiwa mtambo huu unafanya kazi vizuri. Kwa maiki ya mhubiri, dawa ni kusogeza spika karibu na watu, si kuongeza sauti.

Halafu hii ni Ukambani jamani. Mvua ni miezi michache. Miezi ile mingine yote, maiki yako inasikia kelele gani? Inasikia spika ya jirani! Na jirani naye amemwita fundi yule yule.

Hebu tupige hesabu. Maduka mawili yamepakana, kila moja limeweka spika mlangoni. Kila mtambo umeambiwa ukae desibeli 10 juu ya kelele unayosikia. Tuseme sauti ya duka moja inapungua desibeli 6 ikifika kwa maiki ya pili. La kwanza linapiga 60, la pili linasikia 54, linapanda hadi 64. La kwanza sasa linasikia 58, linapanda hadi 68. La pili 72. La kwanza 76. Hakuna mtu aliyegusa kitu, na mitambo yote miwili inafanya kazi yake sawasawa kabisa! Kinachowasimamisha ni amplifaya kufika mwisho au spika kuungua. Kumbukeni kupanda desibeli 3 ni kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, na kupanda 10 ni mara kumi. Aliyekuwa anatumia wati 100 sasa anahitaji 1000 ili asikike vile vile alivyosikika asubuhi. Bili ya stima ni yake, si ya fundi.

Binadamu tunafanya hivyo hivyo. Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele anapaza sauti bila kujijua. Lakini mtu anachoka koo. Mtambo hauchoki.

Na sheria ipo, si kwamba haipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema eneo la makazi lililochanganyika na biashara ni desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili na dakika moja. Mahali pa ibada mchana ni 40. (Hiyo 40 hata kwaya isiyo na spika inaipita, aliyeiandika sijui aliabudu wapi.) Katiba ya 2010 nayo ikaipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Lakini mama mwenye mtoto mchanga nyuma ya duka hatasubiri afisa wa kaunti atoke mjini Kitui na kipimo saa nne ya usiku. Anayeweza kumsaidia ni yule aliyeandika namba ndani ya ile programu.

Kwa hivyo fundi, andika hivi. Kwanza dari, kabla ya kitu kingine chochote, na saa mbili usiku dari ishuke yenyewe. Pili, kelele ikiongezeka desibeli 2, wewe panda 1 tu. Rudia ile hesabu ya maduka mawili kwa kanuni hiyo utaona inatulia yenyewe. Tatu, pima kelele kwenye kimya cha katikati ya nyimbo, la sivyo mtambo utajisikia wenyewe na kudhani ni adui. Nne, upande polepole, kwa dakika, ili pikipiki ikipita usiruke nayo. Na soko likinyamaza, ushuke. Hiyo ya kushuka ndiyo sijaona fundi hata mmoja hapa akiiweka.

Mteja akikataa dari, mwambie atafute mtu mwingine. Mimi nimeshawaambia wawili.