Siku Saba Si Sheria

Chini ya risiti za maduka yetu huwa pameandikwa maneno yaleyale kwa wino uliofifia: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Duka lenye huruma kidogo huongeza, isipokuwa ndani ya siku saba. Nasi wanunuzi tumeyameza maneno hayo kana kwamba yamepitishwa bungeni. Kifaa kikigoma siku ya nane tunakunja uso, tunakisukuma chini ya meza, tunakwenda kununua kingine. Tunaamini kwamba siku za kurudisha zikiisha, kasoro inahama kutoka kwa muuzaji na kuwa mali ya mnunuzi. Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoilipia zaidi ni wale wanaokula kwa jasho la vifaa hivyo.

Chukua kazi ambayo magazeti yetu huitaja kwa nadra, kazi ya kufunga nzi bandia. Nzi hao ni ndoana ndogo zilizozungushiwa uzi, manyoya ya jogoo na sufu mpaka zikafanana na wadudu wanaoliwa na samaki aina ya trauti. Samaki mwenyewe ni mgeni huku kwetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, ili apandwe katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Wavuvi walowezi wakamfuata, na nyuma yao ikaja kazi ya mikono. Nzi mweusi aitwaye Kenya Bug bado anatupwa katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, lakini wengi wanaofungwa nchini, hasa na wanawake, hawalowi maji ya hapa hata siku moja. Wanasafirishwa Uingereza, Marekani na kwingineko, na mfungaji hulipwa kwa dazeni. Mvuvi wa Ulaya anayejiburudisha Jumapili akipata kifaa kibovu, ameudhika. Mama wa viungani mwa Nairobi akipata kifaa hichohicho, amepungukiwa na unga.

Sasa tazama jinsi kifaa kinavyodanganya. Bobini ya kufungia ni kitu kidogo: mikono miwili ya waya inayobana kigurudumu cha uzi, na mrija mwembamba wa chuma unaoutoa uzi huo hadi kwenye ndoana. Mdomo wa mrija unatakiwa uwe laini kabisa. Kiwandani wakiukata bila kuusugua vizuri, hubaki kijino cha chuma ambacho jicho halikioni. Kijino hicho hakikati uzi papo hapo. Kinauparura kidogo kidogo, nyuzinyuzi zinasimama, na uzi unakatika pale unapovutwa kwa nguvu zaidi, yaani mwishoni, unapofunga kichwa cha nzi na kazi yote imeshafanyika. Manyoya yanafumuka. Ndoana inavuliwa, inaanzwa upya.

Mfungaji anamlaumu nani? Kwanza anajilaumu mwenyewe: nimevuta sana. Halafu analaumu uzi, ananunua mwingine wa bei juu. Uzi mnene unastahimili, kwa hiyo kwa muda anadhani amepona. Inapofika oda ya nzi wadogo wanaotaka uzi mwembamba, balaa linarudi. Mwisho mtu mwenye uzoefu anachukua kipande cha pamba, anakipitisha kwenye mdomo wa mrija, pamba inanasa. Jaribio lenyewe halichukui hata dakika. Kulifikia kumechukua wiki kadhaa, na zile siku saba zimekwisha zamani, zikiwa zimetumika kujilaumu.

Jiriwa nayo ina ujanja wake. Taya zake ndizo zinazoshika ndoana huku mikono yote miwili ikifanya kazi, kwa hiyo chuma chake lazima kiwe kimepashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Kikiwa laini, hushika vizuri siku za mwanzo, kisha waya wa ndoana unachimba mfereji pale unapokaa, na kuanzia hapo kila ndoana ndogo inateleza na kuinama ukivuta uzi. Kikiwa kigumu kupita kiasi, ncha ya taya inameguka. Dukani jiriwa zote mbili zinang'aa vilevile. Hakuna mnunuzi, hata awe na miaka mingapi kazini, anayeweza kujua ugumu wa chuma kwa kukishika kwenye kaunta.

Ndoana ndizo mbaya kuliko zote, maana kasoro yake inaweza kugunduliwa na samaki. Wafungaji wazoefu hubana moja ya pakiti kwenye jiriwa na kuidonoa kwa ukucha. Iliyo sawa hulia na kurudi mahali pake, iliyo laini hupinda ikabaki imepinda, na iliyokauka huvunjika. Lakini nani atadonoa kila ndoana ya pakiti? Ndoana iliyokunjuka mdomoni mwa samaki huko Uingereza huleta lawama zinazorudi mpaka kwa mfungaji, miezi mingi baada ya pakiti kununuliwa.

Kwa hiyo muuzaji anaposema ungekagua kabla ya kulipa, anadai jambo lisilowezekana, na sheria inajua haliwezekani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, ambayo imefuata ile ya Uingereza ya 1893, inasema katika kifungu cha 16 kwamba mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani akikuuzia bidhaa hiyo kwa maelezo yake, bidhaa inapaswa kuwa na ubora wa kuuzika. Ukimweleza unaitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ukaguzi unakunyima haki kwa kasoro ambazo ukaguzi wenyewe ungepaswa kuzifichua tu. Kijino ndani ya mdomo wa mrija hakimo humo. Tafuta hesabu ya siku saba katika kifungu hicho, hutaiona. Tafuta katika Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Hutaiona huko pia.

Siku saba zimetoka wapi basi? Ni siku za kubadili nia. Umenunua jiriwa nyekundu, umefika nyumbani ukatamani nyeusi. Duka halilazimiki kukubadilishia, lakini kwa hisani yake linakupa wiki. Ni haki yake kuweka masharti ya hisani yake. Kosa letu ni kuchukua masharti ya hisani na kuyabandika juu ya deni. Anayerudisha kifaa chenye kasoro hajabadili nia. Bado anataka kilekile alicholipia, na hajakipata.

Waingereza wametenganisha mambo haya mawili waziwazi, na inafaa tulijue hilo kwa sababu vifaa vingi vizuri vya kazi hii huja mikononi mwetu kwa mizigo ya ndugu walioko huko. Anayenunua kwa mtandao kule ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Kasoro ina hesabu yake tofauti, chini ya Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015: siku 30 za kukataa bidhaa na kurudishiwa fedha zote, na baada ya hapo haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa. Ndani ya miezi sita kasoro ikijitokeza, huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Baada ya miezi sita mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mnunuzi, lakini mlango wa mahakama katika England na Wales haufungwi mpaka miaka sita. Shangazi aliyenunua jiriwa mwezi wa tatu akaileta Krismasi hajachelewa. Ila dai liende kwa jina lake, maana mkataba ni wake, si wako uliyepokea zawadi.

Nawasikia wenye maduka wakisema nawachochea watu. Wana hoja moja ya kweli: kuna vifaa vinavyouawa na wenyewe. Jiriwa ya ndoana za trauti ikibanwa ndoana kubwa ya samaki wa baharini, au ikageuzwa chombo cha kunyooshea misumari, taya zikimeguka hapo hakuna wa kudaiwa. Mkasi unaokata waya wa shaba kila siku utapoteza makali, na gundi iliyoachwa wazi itaganda. Aliyenunua jiriwa kuukuu ya jirani, ambaye si mfanyabiashara, hana kifungu cha 16 cha kumsaidia. Na kukaa kimya kuna gharama kisheria. Ukishaipokea bidhaa na kuitumia muda mrefu unaweza kupoteza haki ya kuikataa yote na kudai kila senti irudi. Kinachobaki ni fidia, yaani tofauti kati ya kifaa ulicholipia na kile ulichopewa. Hiyo nayo ni fedha, na muda wa kudai haki ya mkataba Kenya ni miaka sita.

Hoja yao ya pili, kwamba mnunuzi alikubali maneno ya risiti, haisimami. Risiti hutolewa baada ya kulipa. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya mgeni aliyeibiwa makoti ya manyoya hotelini, Olley dhidi ya Marlborough Court, iliamua kwamba tangazo la kukwepa lawama lililobandikwa chumbani halikumfunga mgeni kwa kuwa mkataba ulishafungwa kule mapokezi. Na hata tangazo likiwa ukutani kabla ya malipo, Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha masharti yanayojaribu kumvua mtumiaji wa kawaida dhamana alizopewa na sheria. Bandiko la ukutani linafanya kazi kwa sababu moja tu: tunaliogopa.

Na hapa sina huruma sana na wanunuzi wenzangu. Tumelea tabia ya kuona aibu kudai. Anayerudi dukani na kifaa kibovu anaonekana mgomvi, au fukara anayehangaikia mia tatu. Akienda, anaanza kwa kuomba radhi, anamwita muuzaji bosi, anaeleza shida zake za nyumbani kana kwamba anaomba mkopo. Muuzaji naye anajibu kama mtu anayeombwa: pole mama, siku ziliisha, hiyo ni matumizi yako. Mama anarudi nyumbani na kufanya jambo baya zaidi, anatafuta tupa na kuanza kusugua taya mwenyewe. Akishasugua ameharibu ushahidi, na sasa muuzaji ana sababu halisi ya kukataa.

Usisugue. Acha kifaa kilivyo. Piga video fupi ya ndoana ikiteleza au pamba ikinasa, weka uzi uliokatika kwenye bahasha. Risiti imepotea? Ujumbe wa M-Pesa una tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Andika kwa muuzaji, kwa WhatsApp ikitosha, ujumbe mkavu: nilinunua hiki siku fulani, kwa kazi hii, kina kasoro hii, nataka kitengenezwe au kibadilishwe kabla ya tarehe fulani. Usiandike naomba msaada. Wakati huohuo mwandikie mtengenezaji, kwa maana dhamana yake ni jambo tofauti na muda wa duka. Baadhi ya watengenezaji wa jiriwa huahidi kutengeneza bidhaa zao kwa miaka mingi, hata kwa maisha ya kifaa, na taya ni kipuri kinachoweza kutumwa kwa bahasha.

Muuzaji akikaidi, kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inayopokea malalamiko ya watumiaji, na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Sitarajii mtu aende huko kwa bobini moja. Lakini karakana iliyonunua bobini za wafungaji wote kutoka shehena moja, au kikundi cha akina mama walioagiza jiriwa kwa pamoja kwa fedha za chama, wana dai lenye uzito, na mara nyingi barua inayoitaja mahakama hiyo kwa jina hutosha.

Mwenye duka mwenyewe angefaidika. Yeye pia ni mnunuzi. Aliyemuuzia shehena ile ya mirija yenye vijino anabanwa na kanuni zilezile, lakini atamdai kwa kasoro gani ikiwa hakuna mteja aliyewahi kurudi kumwambia? Anaagiza shehena nyingine kutoka palepale, akiamini kabisa kwamba anauza bidhaa safi, kwa sababu rafu zake zinaisha na malalamiko hakuna.