Mgeni wa Siku Mbili Asiwe Shahidi wa Bara Zima

Kuna maandishi ambayo kila mwaka, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga, huzaliwa upya katika nyumba za Arusha, Moshi, Iringa na Zanzibar. Mwanafunzi au mfanyakazi wa kujitolea hufikia kwa familia mwenyeji, hulala siku mbili tatu, kisha huandika taswira yake ya kwanza ya Afrika. Yaliyomo hayabadiliki: barabara ya vumbi, umeme uliokatika, maji ya kuoga kwenye ndoo, ugali wa kula kwa mkono, watoto waliomzunguka wakizishika nywele zake. Hitimisho nalo halibadiliki: watu hawa ni maskini, lakini wana furaha.

Nadai kwamba hitimisho hilo ni uongo, hata kama mwandishi wake hakukusudia kudanganya. Na kwamba sisi wenyeji tunaulea uongo huo kwa kunyamaza.

Tuanze na hiyo furaha. Alichokiona mgeni usiku wa kwanza si hali ya maisha ya familia, bali ni adabu ya kupokea mgeni. Kuku aliyechinjwa si kitoweo cha kila siku. Kitanda alichopewa ni cha watoto waliohamishiwa mkekani. Mama anayetabasamu mezani huenda mchana alikopa mchele dukani, na siku ya marejesho ya kikoba inamkaribia. Hatayasema hayo, kwa sababu katika malezi yetu kummwagia mgeni shida za nyumba ni aibu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mgeni huyu ameuona mtungi kwa nje tu, akasifia umbo lake. Anapoandika kwamba umaskini hautuhuzunishi, anaigeuza staha yetu kuwa ushahidi dhidi yetu. Maana mtu asiyehuzunishwa na umaskini atadai vipi mshahara wa haki, zahanati yenye dawa au bomba la maji?

La pili ni hilo jina Afrika. Sebule moja ya Moshi haiwezi kubeba nchi 54. Mwanafunzi huyohuyo akikaa wiki moja kwa familia ya Lisbon, ataandika habari za Ureno, wala hatathubutu kuieleza Ulaya nzima. Mwandishi wa Kenya, Binyavanga Wainaina, aliidhihaki tabia hii mwaka 2005 katika insha yake iliyochapishwa na jarida la Granta. Insha ilisomwa na kusifiwa duniani kote. Tabia imebaki palepale.

Wapo watakaonijibu kwamba kila msafiri ana haki ya kueleza alivyoona mara ya kwanza. Sipingi. Wenzetu nao walisafiri na wakaandika. Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akayaeleza kwa Kiswahili aliyoyaona huko, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli. Lakini hakuna Mrusi aliyepangiwa maisha kwa sababu ya kalamu ya Selim. Maelezo ya mgeni wetu wa leo huingia katika ripoti ya chuo chake, katika vipeperushi vya kuwaita wageni wengine na katika maombi ya michango. Tofauti iko katika nguvu aliyonayo msemaji, wala si katika haki yake ya kusema.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu msingi wa Ujamaa, akionyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mimi naisoma pia kama kanuni ya maarifa. Mgeni anayepalilia mahindi, anayeteka maji, anayeketi kwenye benchi la zahanati pamoja na mama mwenye nyumba hadi saa nane mchana, hataandika tena habari za furaha ya maskini.

Hata hivyo, kuwalaumu wageni peke yao ni kukwepa. Lawama kubwa ni ya vyuo vyetu na ofisi zinazoratibu ziara hizi. Mara nyingi mgeni hulipa, na familia haijui amelipa kiasi gani. Mwenyeji huelekezwa namna ya kuchemsha maji na kuosha matunda. Mgeni haelekezwi namna ya kukaa na watu. Mgeni hupewa fomu ya kuitathmini familia. Familia haiulizwi lolote. Na kazi yote ya kumhudumia humwangukia mama na dada wa kazi, ambao hawatajwi popote.

Wenye dhamana katika vyuo na halmashauri wanaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, kila familia iwe na mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili, unaotaja malipo yote na fungu la mwenyeji na la msaidizi wa nyumba. Pili, tathmini ya mwenyeji ihesabiwe katika alama za mwanafunzi mgeni. Tatu, asiyekaa muda wa kutosha kushika jembe apelekwe hotelini; huko hana atakayemsingizia furaha.

Nanyi wanafunzi mnaotoka katika nyumba hizo, waulizeni mama zenu: mgeni yule mlimwonaje siku ya kwanza? Alisalimia? Alikula akamaliza? Alimuuliza dada wa kazi jina lake? Yaandikeni majibu hayo kwa Kiswahili, na myachapishe. Ya mgeni tumekwisha kuyasoma miaka mingi. Ya mwenyeji nayo yasomwe.