KABLA HUJAMLAUMU MTU, PIMA WAYA

Nakuandikia asubuhi hii nikiwa Entarara, na leo nina mambo mawili: funzo, na kosa langu mwenyewe. Soma mpaka mwisho.

Wengi wenu mnalijua gari letu la kanisa, lile basi dogo kuukuu linalobeba kwaya tukienda mikutano ya nje. Miezi miwili iliyopita redio yake ilianza kutusumbua. Ukiweka sauti chini, inacheza vizuri. Ukipandisha, taa zake zinafifia, inazima, halafu inajiwasha tena yenyewe. Ilituzimia sokoni, wakati watu ndio wameanza kusogea karibu.

Anayeshughulikia vyombo vyetu ni kijana wa miaka 22. Jumapili iliyofuata nikasimama madhabahuni nikasema kuna mikono inayochezea vyombo vya Bwana. Sikutaja jina. Lakini nilikuwa nikimtazama, na kanisa zima likageuka likamtazama. Wiki iliyofuata hakuja. Mpaka leo hajaja.

Wengine wakasema tuombee gari, huenda kuna roho inapinga injili. Wengine wakasema tununue redio mpya. Tukachanga shilingi 14,000, nikazitia mfukoni nikaenda Kitengela.

Nilimpata fundi mmoja, mtu wa makamo aliyefanya kazi Pwani miaka mingi. Nikamwambia, "Nataka redio mpya." Akaniuliza, "Pasta, hii ya zamani umeipima?" Nikasema imeharibiwa na kijana. Akacheka kidogo. "Hilo ni jibu, Pasta. Mimi nimeuliza swali."

Akaniambia alijifunza kazi kwenye maboti ya starehe kule Mtwapa. Boti likizeeka, unyevu wa chumvi hula shaba ndani ya waya mpaka inageuka kijani, na kwa nje plastiki bado inaonekana nzima. Tena boti la faiba halina bodi ya chuma ya kurudishia umeme kama gari, kwa hiyo kila chombo lazima kiwe na waya wake wa kurudi hadi kwenye betri. Waya huo ukioza, redio inakufa. Wenye maboti walikuwa wakija na redio mpya mkononi. "Ukiifunga mpya kwenye waya uleule uliooza," akasema, "hiyo mpya nayo itazima. Mwenye boti atasema nimemuuzia takataka."

Kisha akatoa mita yake, nami nikasimama kuangalia.

Alianza na betri. Gari likiwa limezimwa, volti 12.6. Injini ikinguruma, 14.1. Betri nzima, na inachajiwa vizuri. Akachomoa fyuzi nyuma ya redio, nzima. (Na wewe unayeziba fyuzi kwa karatasi ya sigara, acha. Fyuzi imewekwa ikatike ili gari lisiungue.)

Akazima injini, akapima nyaya zinazoingia kwenye redio: wa manjano ulio na umeme wakati wote, na mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Mita ikasoma zaidi ya 12. Nikamwambia, "Unaona? Waya ni mzuri." Akajibu, "Ngoja. Redio bado haijafanya kazi. Waya mbovu usiobebeshwa kitu husoma sawa na waya mzima."

Akawasha redio, akapandisha sauti. Mita ikashuka mpaka 9. Hapo akaacha ncha moja ya mita kwenye waya wa manjano, na ile nyingine akaitoa kwenye waya mweusi, akaigusisha moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Ikasoma 12.2. Akaniangalia. "Umeme unafika, Pasta. Unashindwa kurudi."

Akafuata ule waya mweusi mpaka nyuma ya dashibodi, pale ulipofungwa kwa nati kwenye chuma. Raba ya kioo cha mbele imechoka, mvua imekuwa ikipenya, na chini ya ile nati kulikuwa na kutu tupu. Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakata ncha iliyooza, akafunga mpya, akakaza, akapaka grisi kidogo kuzuia maji. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Haikuzima. Kazi ya dakika 40, shilingi 300.

Mpendwa, sikufurahi. Nilisimama pale na zile 14,000 mfukoni, nikakumbuka kitu. Kabla ya mkutano wa sokoni, yule kijana alikuja kwangu akasema, "Pasta, nafikiri ni waya. Nipe 500 niite fundi aangalie." Nikamwambia kanisa halina pesa za kuchezea.

Alikuwa amenipa jibu. Mimi sikumsikiliza. Kisha nikamhukumu mbele za watu.

Fungua 1 Samweli sura ya 1. Hana anaomba mbele za Bwana. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Kuhani Eli ameketi pale karibu na mwimo wa mlango, ni mtumishi wa miaka mingi, anaangalia mdomo wa yule mama na kutoa hukumu: huyu amelewa. Hakumuuliza lolote. Aliona dalili, akaruka moja kwa moja kwenye lawama. Kumbe mama ana uchungu wa miaka.

Lakini tumheshimu Eli kwa jambo moja. Hana alipojieleza, yule mzee hakushindana naye ili alinde cheo chake. Alibadilisha neno lake palepale, akambariki aende kwa amani. Sisi wachungaji wa leo tunaiga kosa la Eli na kusahau marekebisho yake.

Nasema wazi, na najua baadhi ya watumishi wenzangu hawatapenda: hatuna ruhusa ya kumkemea mtu madhabahuni kwa jambo ambalo hatujalichunguza. Mithali 18:13 inamhesabu anayejibu kabla hajasikia kuwa mpumbavu. Haikuweka kando wachungaji. Maikrofoni iko mkononi mwangu, yule kijana hana. Nikimkosea nikiwa nayo, hana mahali pa kujibu. Anachoweza kufanya ni kuondoka tu, halafu tunasema amerudi nyuma kiroho.

Na kama tungenunua redio mpya na kumweka kijana mwingine? Redio ingezima tena juu ya kutu ileile. Kijana wa pili naye angelaumiwa. Ni makanisa mangapi yamebadilisha kiongozi wa kwaya mara nne, mweka hazina mara tatu, na bado hakuna aliyewahi kuangalia nyuma ya dashibodi?

Jiulize haya kabla hujamlaumu mtoto wako, mke wako, mfanyakazi wako au muumini wako:

1. Nimeona nini hasa? "Inazima ukipandisha sauti" ni dalili. "Ameiharibu" ni hukumu. Usizichanganye.

2. Nimemuuliza yule anayekishika kila siku? Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua.

3. Nimempima akiwa na mzigo? Mtu akikaa kimya anasoma 12. Mbebeshe karo, ugonjwa na deni, ndipo utaona panapovuja. Pengine hana ubaya wowote. Pengine hana pa kurudishia uzito.

4. Nikikuta nimekosea, niko tayari kusema kwa sauti ileile niliyolaumia?

Hilo la nne ndilo lililonikamata. Nilirudi Entarara nikaenda nyumbani kwao. Kijana hakuwepo, siku hizi anaendesha bodaboda. Nilimkuta mama yake, nikamwomba msamaha. Akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima, "Pasta, wewe ulisema mbele ya kanisa lote. Hapa tuko wawili."

Sikuwa na jibu. Yesu katika Mathayo 5 alisema ukileta sadaka yako na ukakumbuka ndugu ana neno juu yako, uiache hapo, uende kwanza mkapatane. Mimi nilikuwa nikitembea na sadaka mfukoni wakati ndugu yangu analia nyumbani.

Jumapili iliyopita nilisimama palepale, kwa maikrofoni ileile, nikamtaja jina nikasema: hakuharibu kitu, aliniambia ukweli, nikakataa kusikia, naomba msamaha. Pesa zile nimezirudisha kwa mweka hazina mbele ya wote, isipokuwa 300 za fundi. Mzee mmoja aliniambia baadaye kwamba nimeshusha madhabahu. Nilimwambia madhabahu ilishuka siku ile nyingine.

Kijana bado hajarudi. Redio ilichukua dakika 40. Moyo wake nimeutia kutu mimi mwenyewe, na sitaulazimisha. Kiti chake kiko pale, na nimemtumia ujumbe kwamba akija au asije, jina lake ni safi.

Je, kuna mtu uliyemlaumu na hukuwahi kumpima? Mpigie leo. Na kama ulimsema mbele za watu, rudi mbele za watu haohao.

Tuombe: Bwana, tupe masikio kabla ya midomo. Tusafishie kutu ambayo hatuioni. Na wale tuliowafukuza kwa maneno yetu, warudishie amani, hata kabla hawajaturudia. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji wako, Entarara.