Maumivu ya Mifupa Yasisingiziwe Mungu

Vijana wapendwa, katika mashirika yetu ya Cimpunda kuna neno tunalolitamka kwa wepesi mno kando ya kitanda cha mgonjwa: «Mungu ndiye aliyempa msalaba huu.» Tunakataa neno hilo lisisemwe tena mbele ya mtu ambaye saratani imemwingia mifupani.

Saratani ya titi na ile ya tezi dume, zisipotibiwa mapema, husafiri katika damu hadi uti wa mgongo, nyonga na mapaja. Mfupa uliotafunwa huvunjika kwa jambo dogo. Uti wa mgongo ukibanwa, miguu hufa ganzi. Ugonjwa haubagui tajiri na maskini, lakini ni nani anayechelewa kutibiwa? Ni mama anayepanda kwenda soko la Kadutu, mzigo mgongoni na kamba katika paji la uso. Akilalamikia mgongo twamwambia ni uchovu. Uvimbe wa titi lake hakuna aliyeuuliza. Ni mzee anayeona haya kusema kwamba mkojo hautoki. (Na wapo wanaonong'ona kwamba amerogwa, hata fedha ya daktari ikaishia kwa mpiga ramli.)

Mionzi, hata ya mara moja tu, huweza kutuliza maumivu hayo. Bukavu haina mashine yake. Kigali, ng'ambo ya Ruzizi, inayo tangu 2019, lakini katika mtaa wetu nani ataweza kulipa safari, malazi na matibabu? Basi inabaki morfini, dawa ya zamani isiyo ghali. Mwaka 2017 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walihesabu: katika tani 298.5 za dawa za namna hiyo zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1. Je, mizani hiyo ilishikwa na Mungu?

Wala umaskini hautoshi kuwa udhuru. Uganda si tajiri. Hata hivyo huko Kampala, tangu 1993, daktari Anne Merriman na wenzake walitengeneza morfini ya kunywa, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa.

Wengine huogopa kwamba kuitumia ni dhambi. Papa Pio XII alikwisha kujibu mwaka 1957, na Katekisimu, namba 2279, yafundisha vivyo hivyo: ni halali kumtuliza anayekufa, hata kama dawa yaweza kupunguza siku zake, mradi kifo chenyewe kisitafutwe. Anayemnyima mgonjwa utulivu kwa jina la imani anafuata woga wake mwenyewe, si mafundisho ya Kanisa.

Mkienda kuwatembelea wagonjwa Jumapili hii, kabla ya rozari ulizeni: mgongo unauma hata usiku? Miguu inalegea? Miguu ikilegea, mpelekeni hospitali siku ile ile. Na kama kituo cha afya hakina morfini, andikeni barua, wote mtie sahihi, mumwulize daktari mkuu wa zoni ya afya ya Kadutu kwa nini haipo.